Nani Anajua Uko Hapa?



Wiki mbili zilizopita, baada ya kikao cha vijana pale parokiani, binti mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: "Kaka, hivi ni dhambi kutaka kuwa peke yangu? Nyumbani tuko tisa. Nikitafuta kona nisali kimya naambiwa najitenga, najiona mtakatifu." Nilimjibu harakaharaka kwamba si dhambi, mbona hata Yesu alipanda mlimani kusali peke yake. Akaridhika, akaenda zake. Aliyebaki bila kuridhika ni mimi. Jibu hilohilo ndilo nililojipa mwaka 2025, nikapanda nalo milima ya Usambara na hema mgongoni, na huko nikagundua kwamba lilikuwa nusu ya jibu.

Nusu iliyobaki naiandika leo. Si rahisi kuiandika, kwa sababu inanihusu mimi na dada yangu, na baba yetu. Dada ameisoma kabla yenu, akasema niiweke.

NILIYAITA MAFUNGO

Baba yetu alipata kiharusi mwezi Mei 2024. Upande wa kulia ukalala, maneno yakapotea. Mama alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: baba, dada yangu mkubwa na mimi. Dada alikuwa na meza yake ya vitenge sokoni hapa Tanga; akaifunga. Mimi nilikuwa nauza duka la vifaa vya ujenzi, nikaendelea. Hatukukaa chini kupanga, mambo yalijipanga yenyewe: mimi nitaleta hela, yeye atamhudumia baba. Mgonjwa wa namna ile anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongoni. Dada ndiye aliyekuwa akiamka. Mimi nilikuwa nasikia kitanda kinalia, najifunika shuka vizuri, narudi kulala. Si nina kazi asubuhi?

Taratibu baba akaanza kurudi. Kufikia Pasaka ya 2025 alikuwa anaweza kutamka majina yetu, kuomba maji, na kumalizia "Amina" tukisali Rozari ya jioni. Ile Amina yake tuliisubiri kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Lakini mimi nilikuwa nimechoka. Nikifika nyumbani nasikia harufu ya dawa, nasikia hasira ambayo sijui ni ya nani. Nilianza kuchelewa makusudi. Nikisali nasikia kama naongea na ukuta. Ndipo nikakumbuka habari za Eliya, yule nabii aliyechoka mpaka akaomba afe, akatembea siku 40 hadi mlima Horebu, na huko Mungu akamjia si katika upepo mkali, si katika tetemeko, si katika moto, bali katika sauti ndogo tulivu (1 Fal 19). Nikasema hicho ndicho ninachohitaji. Mlima, ukimya, na ile sauti.

Mwaka ule Saba Saba iliangukia Jumatatu. Nikaomba ruhusa ya Ijumaa tarehe 4 Julai, nikapata siku nne mfululizo. Nikaazima hema kwa rafiki, nikanunua mkate, karanga na sabuni. Ndani ya Biblia nikaweka picha ndogo ya Pier Giorgio Frassati, yule kijana wa Torino, Italia, aliyependa kupanda milima. Wakati ule alikuwa bado Mwenye Heri, na Julai 4 ndiyo siku yake ya kumbukumbu. Nikaona kila kitu kimekaa sawa, yaani Mungu mwenyewe ameniandalia.

Dada nilimwambia hivi: "Nakwenda mafungo Lushoto." Hakuna neno la uongo humo ukilipima moja moja. Ila niliacha aamini kwamba ni mafungo ya vijana wa parokia, na kwamba kuna padre, ratiba na watu. Sikumwambia nakwenda peke yangu wala nitalala wapi. Nilijua akiuliza maswali mawili tu nitashindwa kuondoka. Hakuuliza. Alinipa shilingi 10,000 kutoka kwenye kopo lake, akasema, "Utatutolea sadaka huko. Na utuombee."

Nilipofika Lushoto nikazima simu. Nikajiambia nafunga kelele za dunia.

MLIMA ULIKUWA MZURI

Hapa niseme ukweli, kwa sababu kuna watu wanaosimulia makosa yao kama vile hayakuwa na utamu wowote. Ulikuwepo.

Usiku wa kwanza nililipa kidogo nikasimamisha hema kwenye uwanja wa nyumba ya wageni mjini Lushoto. Jumamosi asubuhi nikaanza kutembea kuelekea Lukozi, barabara inayopita kando ya msitu wa Magamba. Julai huko ni baridi, sisi watu wa pwani tunatetemeka. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya miti, na ndani yake nikasikia matawi yanavunjika. Nilipoinua macho nikaona mbega, weusi na meupe yao marefu yananing'inia, wanaruka kutoka mti hadi mti bila haraka. Nikasimama pale labda nusu saa. Nilisali Rozari nzima kwa mguu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi sikuhesabu punje ili niishe. Nikalia kidogo, machozi ya kupumzika. Sidhani kama yalikuwa ya uongo.

Mbele kidogo lori lililokwenda kupakia kabichi likanibeba. Nikashuka baada ya Lukozi, nikafuata kijia kinachopanda ukingo wa mlima, nikapata kipande cha majani juu ya shamba la viazi. Mpango ulikuwa nilale pale, Jumapili nitembee hadi Rangwi, ambako kuna masista na Misa, kisha niendelee mpaka Mtae, pale milima inapokatika ghafla na kuitazama nyika ya Mkomazi chini. Nikafunga hema. Jua likazama. Nikasoma tena habari za Eliya kwa tochi, nikaishia kwenye sauti ndogo tulivu kama ninavyoishia siku zote, nikafunga Biblia, nikanyamaza kusikiliza.

Nilichosikia, kama saa nne usiku, kilikuwa ni: "Hodi humo ndani!"

SWALI LA MZEE

Nilitoka na moyo uko kooni. Alikuwa mzee, amevaa koti zito na kofia ya kufuma, na nyuma yake mjukuu wa kiume wa miaka kumi hivi. Watoto walikuwa wameona mwanga mlimani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani, na nani amekuruhusu kulala hapa?"

Nikajieleza: natoka Tanga, Mkristo, sina ubaya, nimekuja kusali. Alimulika hema, kisha akanimulika mimi miguuni, si usoni.

"Kusali ni jambo jema," akasema. "Sasa, nani anajua uko hapa?"

"Mungu anajua, mzee," nikajibu, nikitabasamu kidogo.

Yeye hakutabasamu. "Mungu sikumuuliza mimi. Nakuuliza wewe, ukiumwa na nyoka usiku huu, nani atakuja kukutafuta? Asubuhi tukikukuta umekufa hapa, tumpigie nani? Kijiji kizima tutakwenda kuhojiwa kwa mtu tusiyemjua jina."

Nilinyamaza. Akangoja. Halafu akasema kwa upole, "Mwanangu, kunja hiyo nyumba yako. Utalala kwangu. Lakini kwanza washa simu, uwaambie kwenu uko kwa nani. Sitembei na wewe mpaka nisikie umewaambia."

Nikawasha simu. Mtandao pale ukingoni ulishika mara moja. Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine, mpaka yule mtoto akacheka akidhani nina marafiki wengi.

Ulikuwa wa dada, wote. *Baba kaanguka kitandani.* *Haongei.* *Kadi ya bima iko wapi.* *Nimetafuta kila mahali.* *Kadi unayo wewe?* *Nijibu basi.* *Nampeleka na bajaji.* Na wa mwisho, wa saa 3:40: *Tumefika. Mama mwenyekiti wa jumuiya kalipa.*

Kadi ya baba ilikuwa kwenye pochi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikichukua dawa zake kila mwisho wa mwezi au mwanzoni, nikitoka kazini. Nilizichukua Alhamisi, nikaweka dawa mezani, kadi ikabaki mfukoni. Nikapanda nayo mlima. Wakati namsikiliza Mungu katika ukimya, dada yangu alikuwa anapekua makabati na droo, anapindua magodoro, baba yuko sakafuni.

Nilimpigia. Alipokea mara ya kwanza tu.

"Kadi unayo wewe?"

"Ninayo, dada."

Kimya. Kisha akasema, "Haya. Kesho uje." Akakata.

Vijana wenzangu, nimewahi kutukanwa, nimewahi kufukuzwa kazi. Sijawahi kusikia neno zito kama lile "haya."

Hapakuwa na gari la kushuka usiku ule. Mzee alinipeleka kwake, akamwambia mkewe kwa Kisambaa nisichokielewa, na bibi akaleta chai ya tangawizi na blanketi. Mzee hakulala. Alikaa na mimi jikoni, penye moto, karibu usiku kucha. Hakunihubiria hata neno. Mara moja tu aliuliza jina la baba yangu. Kabla ya alfajiri aliamka kuswali, na aliporudi akaniambia, "Nimemtaja baba yako." Mimi nilikuwa nimeshika Rozari, naisali bila kusogea, nimekwama kwenye fumbo lilelile. Saa kumi na moja mjukuu wake mkubwa alinipandisha kwenye fuso la kabichi lililokuwa linashuka Mombo. Sikwenda Rangwi, na Misa ya Jumapili ile niliikosa.

NUSU ILIYOBAKI

Baba hakufa. Lakini kile kilikuwa kiharusi cha pili, na ile sauti iliyokuwa inarudi imekwenda. Amina yake haipo tena. Daktari alituambia kwamba kwa ugonjwa huu dakika zina thamani. Nilimuuliza kama zile nusu saa za kutafuta kadi ndizo zilizoleta tofauti. Akasema hakuna anayeweza kujua. Kwa hiyo sijui, na sitajua. Nimeungama, nimesamehewa, naamini nimesamehewa. Lakini msamaha haukunipa jibu la swali lile, nalo bado ninalo.

Basi nimekuwa nikilitafakari hili: Yesu alipanda mlimani peke yake, na mimi nilipanda mlimani peke yangu. Tofauti iko wapi?

Nilirudi kwenye Injili nikasoma polepole. Marko anasimulia (Mk 6:45-48) kwamba baada ya kuwalisha watu, Yesu aliwaagiza wanafunzi wapande mashua watangulie, yeye mwenyewe akawaaga makutano, na alipokwisha kuagana nao ndipo akapanda mlimani kusali. Hakutoroka. Kila mtu alikuwa na pa kwenda, na kila mtu alikuwa ameagwa. Halafu kuna jambo ambalo nilikuwa nimelipita miaka yote. Usiku ukaingia, mashua iko katikati ya ziwa, yeye yuko peke yake nchi kavu, na akawaona wakihangaika kupiga makasia kwa maana upepo ulikuwa wa mbisho. Aliwaona, kisha akawaendea.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Kutoka kwenye sala yake mashua ilikuwa inaonekana. Kutoka kwenye ya kwangu haikuonekana. Na ukweli mchungu ni kwamba niliuchagua mlima ule kwa sababu hiyo, nisiione mashua kwa siku nne.

Nikamrudia na Eliya. Sisi vijana tunaipenda sana ile sauti tulivu. Tunaiweka kwenye picha za mawingu na kuzituma asubuhi. Lakini tunafunga kitabu mapema. Soma mistari inayofuata. Eliya anaulizwa na Mungu anafanya nini pale. Anaulizwa mara mbili, kabla ya upepo na baada ya sauti. Anajitetea kwamba amebaki peke yake. Na anachoambiwa ni kurudi kwa njia aliyoijia. Kuna watu wa kuwapaka mafuta, kuna Elisha wa kumrithisha kazi, na kumbe wako elfu saba ambao hakuwa akiwahesabu. Mungu hakumkaripia kwa kuchoka. Kwanza alimlisha na kumlaza usingizi. Lakini hakumwacha ahamie pangoni.

Swali la mzee wa Lukozi lilikuwa la aina hiyohiyo, na sishangai kwamba lilikuja kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, mtu wa dini nyingine, aliyepanda mlima usiku kwa sababu ya mgeni asiyemjua.

Najua mtu ataniuliza: mbona Yesu naye, akiwa na miaka 12, alibaki Hekaluni bila kuwaambia wazazi, wakamtafuta kwa uchungu siku tatu? (Lk 2:41-51.) Ni swali zuri na sitaki kulikwepa. Ni kweli, kuna wakati Mungu anamwita mtu na familia inaumia; waulizeni wazazi ambao watoto wao wameingia utawa. Siyo kila machozi ya nyumbani ni ushahidi kwamba umekosea. Lakini tazama alikokutwa: ameketi kati ya watu, anasikiliza na kuuliza, katika nyumba ya Baba yake. Na mama yake alipouliza, alipata jibu. Kisha mtoto akashuka nao Nazareti akawatii. Anayeitwa na Mungu anaweza kusema wazi anakokwenda, hata kama inauma. Mimi nilificha, maana nilijua sikuitwa. Nilikuwa nakimbia, nikaazima lugha ya wito.

Mtakatifu Antoni wa Misri, baba wa wote waliokwenda jangwani, naye aliachiwa mdogo wake wa kike wazazi walipofariki. Mtakatifu Athanasi, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba kabla ya kushika maisha ya upweke, Antoni alimkabidhi binti yule kwa mabikira waaminifu wamlee. Mtu maarufu kuliko wote kwa kuwa peke yake alianza kwa kuuliza nani atamtunza ndugu yake.

Na yule Frassati niliyembeba ndani ya Biblia? Nilimpenda kwa milima, nikasahau mengine. Alipanda na marafiki, si kwa kuwatoroka. Julai 1925, akiwa na miaka 24 na ugonjwa wa kupooza unamwua, familia yote ilikuwa imeshughulika na msiba wa bibi yake, hawakujua hali yake mapema. Siku moja kabla ya kufa, kwa mkono uliokuwa unakufa ganzi, aliandika kikaratasi kwa rafiki: kuna sindano za mgonjwa mmoja maskini, zipelekwe, kuna karatasi ya rehani ya mtu, isipitwe na muda. Anakufa, na anakumbuka dawa na karatasi za wengine. Mimi nilikuwa mzima, natembea, nina karatasi ya baba yangu mfukoni, na sikuikumbuka. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza kuwa Mtakatifu. Nilitazama kwenye simu nikiwa kando ya kitanda cha baba. Ilikuwa zamu yangu.

NI ZAMU YA NANI?

Hapo kwenye zamu ndipo nilipochelewa kabisa kufika.

Kwa miezi kadhaa nilidhani kosa langu lilikuwa simu na kadi. Ningeacha kadi mezani na simu ikiwa wazi, basi safari ingekuwa njema. Siku moja nikamwambia dada hivyo, nikiomba msamaha kwa mara ya tatu au ya nne. Alikuwa anakunja nguo. Akasema: "Sikukatazi kwenda. Ungeniambia tu. Na kadi ungeacha." Akakunja nyingine. "Ila na mimi nilikuwa nataka kulala."

Miezi 14, vijana. Dada yangu hakuwa amelala usiku mmoja mzima kwa miezi 14. Na mimi, niliyekuwa nalala kila siku, ndiye niliyesema nimechoka, ndiye niliyekwenda kupumzika, nikaita mafungo. Naye akanipa sadaka juu. Mapumziko yale hayakuwa yangu. Kama katika nyumba yetu kulikuwa na siku nne za kupumzika mwaka ule, zilikuwa zake. Nilizichukua.

Kwa hiyo sasa naamini hivi. Upweke humpata mtu. Faragha mtu hupewa. Ukikaa kimya saa moja ukasali, kuna mtu anayeshika mtoto, anayepika, anayekaa na mgonjwa, anayefunga mlango taratibu ili usisumbuke. Amekupa saa yake. Ukijua umepewa, utaaga, utashukuru, na utarudisha. Usipojua, utaita "muda wangu na Mungu" kitu ambacho umemnyang'anya jirani. Na tuseme wazi: majumbani mwetu mara nyingi anayepata nafasi ya kwenda mlimani ni kijana wa kiume, na anayelipia kwa kukesha ni dada. Tukitoka kwenye mafungo tunamkuta jikoni, tunamwambia amani ya Kristo.

Mwezi Oktoba nilichukua likizo nikamwambia dada ni zamu yake. Nilidhani atataka mahali pazuri, nikamtajia mpaka Lushoto. Alicheka. Alikwenda kwa rafiki yake Muheza. Aliporudi nikamuuliza alifanya nini siku zile tano. Akasema, "Nililala." Basi. Hakuona mbega wala mawingu. Lakini usiku wa tatu nikiwa peke yangu na baba, nimeamka kwa mara ya nne kumgeuza, nguo ya mgongoni imelowa, nikakaa kitandani pake nimemshika mkono. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Nikaanza "Baba Yetu" kwa sauti ya chini. Nilipofika mwisho nikanyamaza kwa mazoea, nikingoja ile Amina. Haikuja. Aliminya kidole changu, au labda ni misuli tu, sijui. Nikaisema mimi kwa niaba yetu wawili.

Sasa nikimwona yule binti Jumapili hii nitamrekebishia jibu langu. Nitamwambia: hapana, si dhambi. Unahitaji kona yako, na nyumbani wakusaidie kuipata. Ila kabla hujaingia humo, jiulize mambo matatu. Nani anajua niko hapa? Nani amebeba mzigo wangu wakati mimi niko hapa? Na yeye zamu yake ni lini? Ukiwa na majibu, panda mlima wowote unaotaka, na Mungu akutangulie. Nami natumaini siku moja nitafika Mtae. Nitaaga. Na nikipita Lukozi nitabisha hodi kwa mzee yule kwanza.

Tusali.

Bwana Yesu, uliyepanda mlimani kusali bila kuiacha mashua, utufundishe kukaa peke yetu na wewe bila kuwakimbia uliotupa. Uwakumbuke wote wanaokesha usiku huu na wagonjwa majumbani, hasa wale ambao hakuna anayewauliza kama wamechoka. Utuonyeshe leo ni nani zamu yake ya kulala. Amina.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.